Jinsi ya Kumtetea Mchezaji wa Besiboli wa Karne ya 19 Aingie Cooperstown

Hoja nyingi za kuwatetea wachezaji wa kale waingie Cooperstown, yaliko Makumbusho ya Heshima (Hall of Fame) ya besiboli ya Marekani, hukwama kwa sababu moja: takwimu hutajwa bila sheria za mchezo za mwaka husika. Lakini kabla ya takwimu, amua kwanza mtu wako anaombewa nafasi kama nani: mchezaji au mwasisi wa mchezo.

Mchezaji anatakiwa awe na misimu 10 ya ligi kuu. Mwasisi hadaiwi misimu. Ross Barnes wa Chicago alipiga kwa wastani wa 0.429 (mapigo yaliyofanikiwa kwa kila zamu ya kupiga) mwaka 1876 na kufunga mikimbio 126 katika mechi 66, maajabu kwa kipimo chochote. Hata hivyo, ukimhesabia na miaka ya National Association (1871–1875), ligi ambayo tangu 1969 rekodi rasmi haziitambui kuwa ligi kuu, anaishia misimu 9. Addie Joss naye alikuwa na 9, akaingia mwaka 1978 kwa kuondolewa sharti hilo, maana alifariki 1911 kabla ya msimu wake wa kumi. Anayemtetea Barnes aombe wazi kuondolewa sharti kama Joss, asilifiche tatizo. Doc Adams ni habari nyingine. Aliongoza mkutano wa 1857 uliopitisha futi 90 kati ya besi na inningi 9 kwa mechi. Huyo mpeleke kama mwasisi, na takwimu za uwanjani ziache kabisa.

Sasa andika sheria za kila mwaka pembeni ya namba zake. Mrushaji alisimama futi 45 kutoka kwa mpigaji hadi 1880, futi 50 kuanzia 1881, kisha futi 60 na inchi 6 kuanzia 1893. Hadi 1886 mpigaji aliruhusiwa kuagiza mpira wa juu au wa chini. Mwaka 1887 hata kupewa besi ya kwanza kwa mipira mibaya kulihesabiwa kama pigo.

Wizi wa besi, yaani mkimbiaji kuchukua besi inayofuata bila kusaidiwa na pigo, ndio unaowaponza wengi. Haukuandikwa kabla ya 1886, na hadi 1897 mkimbiaji aliyejiongezea besi kwa pigo la mwenzake aliweza kuandikiwa wizi. Kwa hiyo besi 509 alizoiba Harry Stovey, aliyeanza 1880, zimevimba upande mmoja na kupungua upande mwingine. Usizilinganishe na za mchezaji wa leo. Mpime kwa wenzake wa msimu uleule.

Chukua Bill Dahlen, ambaye kwa maoni yetu ndiye aliyeonewa zaidi. Wengi huanza na mechi zake 42 mfululizo za kupata pigo mwaka 1894. Ni kosa: mwaka ule National League nzima ilipiga kwa wastani wa 0.309, kwani warushaji walikuwa wamesogezwa nyuma msimu mmoja tu kabla. Mjumbe makini wa kamati ya kupiga kura ataiangusha hoja hiyo kwa swali moja. Anza na ulinzi wake kati ya besi ya pili na ya tatu, kisha mapigo 2,461 ya tangu 1891 hadi 1911. Desemba 2012 alipata kura 10 kati ya 16, zikihitajika 12.

Mwisho, lenga watu sahihi. Majina 8 huteuliwa na kamati ya wanahistoria kabla ya wapiga kura 16 kukutana, hivyo hoja yako iwafikie wanahistoria hao kwanza. Kila mpiga kura huchagua watu 3 tu, na kundi la wagombea hubeba kila aliyeng'ara kabla ya 1980. Mtu wa 1880 anashindana na nyota wa miaka ya 1970 wanaokumbukwa na wapiga kura wenyewe. Zamu ijayo ni Desemba 2027. Sheria mpya inamzuia mgombea aliyepata chini ya kura 5 kurudi kwenye zamu inayofuata, kwa hiyo usimsukume mtu ambaye hoja yake haijaiva.