SOMO: Sensa ya alamu ya zamani inalia ovyo au imenyamaza? Pima kwanza kabla hujanunua

Swali ni lile lile kila wiki: sensa ya sebuleni, kile kifaa cha kuhisi mtu akipita, yalia saa nane usiku, hakuna mtu, ninunue nyingine? Usinunue bado. Mara nyingi sensa yenyewe ni nzima, ila viungo vya waya vimeshika kutu, betri ya paneli (sanduku kuu la alamu) imechoka au kuna mdudu ndani. Somo hili ni la sensa za waya, si zile zenye betri yake ndani.

Shika bisibisi ndogo, mita ya dijitali na brashi laini.

1. Waarifu majirani, na kampuni ya ulinzi kama inafuatilia alamu yako.

2. Ingiza kodi ya fundi (namba ya siri ya matengenezo) kwenye paneli. Kodi ya kuzimia haitoshi, kwa sababu swichi ya tampa (inayohisi kifuniko kikifunguliwa) huwa macho saa 24 na king'ora kitalia ukifungua kifuniko.

3. Soma kumbukumbu ya paneli ujue ni zoni ipi (laini ya sensa ya eneo lipi) iliyolia.

4. Fungua sensa, safisha. Mjusi kafiri na buibui wakipita juu ya lenzi, sensa huwaona wakubwa kama mtu. Usiguse kile kidude cha duara chenye dirisha dogo jeusi, maana mafuta ya kidole huiharibia sensa macho. Ziba tundu la waya kwa silikoni.

5. Pima volti kwenye + na −. Stima ikiwepo utapata 13 na ushei. Zima swichi ya stima ya paneli, ngoja dakika 20, upime tena. Ikianguka chini ya 10.5, betri ya paneli (volti 12, Ah 7) imekwisha. Alamu inayolia kila stima inapopotea, anza hapa. Kisha washa stima tena.

6. Pima waya za zoni. HAPA NDIPO WATU WANAPOHARIBU, na mimi niliwahi kuharibu. Ukipima omu (ukinzani wa umeme) waya zikiwa bado kwenye paneli, mita itakudanganya, kwa kuwa paneli inapeleka umeme wake humo. Chomoa waya zote mbili za zoni upande wa paneli, ndipo upime. Utakuta thamani kwa omu ya rezista ya mwisho wa laini (kile kijiti chenye mistari ya rangi, ambacho paneli hukitumia kujua waya ni nzima): 1,000, 2,200, 4,700 au 5,600, kutegemea paneli, na omu chache za waya juu yake. Namba ikichezacheza, au ikizidi kwa mia kadhaa, kiungo kimeliwa na chumvi. Kata mpaka shaba ing'ae, uunge upya. Mita isiposoma kitu, waya umekatika au relei ya sensa (swichi yake ya ndani) imebaki wazi.

Angalia sana: usitupe rezista pamoja na sensa kuukuu. Ya 4,700 ina mistari ya manjano, zambarau na nyekundu. Usiifunge ndani ya paneli pia. Mahali pake ni kwenye sensa. Ikikaa kwenye paneli, waya zikigusana popote njiani paneli itaona kila kitu ni shwari, na chumba hakina ulinzi.

7. Rudisha kifuniko, tembea chumbani, angalia kitaa chekundu.

MASWALI

Wa Likoni: Yangu yalia tu. Nifanyeje?
Jibu: Zoni gani? Volti ngapi? Rudi hatua ya 3 na ya 5.

Fundi Mwanafunzi: Mwalimu, kwa nini wakati wa kaskazi sensa haimshiki mtu mpaka afike karibu?
Jibu: Swali zuri, ndugu yangu. Sensa haioni joto lenyewe, huona tofauti ya joto inayopita mbele yake. Chumba kikifika nyuzi 32, ngozi ya mtu iko karibu na hapo hapo, tofauti inakuwa ndogo. Ifunge mita 2.1 hadi 2.4 juu, kwenye pembe ambayo mwizi atapita mbele yake kutoka upande mmoja hadi mwingine. Anayeijia moja kwa moja huonekana vibaya. Isitazame dirisha la jua wala feni. Ukinunua mpya, tafuta yenye kujirekebisha kwa joto.

Bamburi 7: Nilitoa rezista nikaunga waya moja kwa moja, paneli yaonyesha hitilafu.
Jibu: Hatua ya 6. Irudishe.

Mama wa Nyali: Fundi alisogeza jampa ya mipigo (kijiplagi ndani ya sensa cha kupanga idadi ya ishara) kutoka 1 hadi 3, kelele zikaisha. Ni sawa?
Jibu: La, dada. Sasa sensa inangoja ishara tatu kabla haijalia, na mwizi ana nafasi zaidi. Tafuta chanzo, kisha uirudishe 1, 2 ikibidi.

Wa Likoni: Volti 9.8 stima ikizimwa. Na sisimizi wamejaa. Nipulize dawa ya mende ndani?
Jibu: Sasa twaelewana. Betri badilisha. Dawa usipulize ndani, hubaki utando kwenye lenzi. Ipake ukutani kuzunguka waya, kisha silikoni. Ukibadilisha betri, kumbuka king'ora cha nje huenda kina betri yake; chaweza kulia ukikata umeme wote.

Fundi Mwanafunzi: Na viungo vya karibu na bahari?
Jibu: Paka vaselini nyembamba kwenye skrubu baada ya kukaza, si kabla.