Namna ya kuingiza blogu yako katika orodha yetu ya kusomea

Ndugu wanachama, swali la namna ya kuingiza blogu katika orodha yetu ya pamoja nimelijibu mara nyingi mno, nami nimeamua kuandika jibu lake mara moja ili atakayeuliza tena nimwelekeze hapa. Somo hili linahusu Blogger, huduma ya Google ya kuandikia blogu, kwa kuwa ndiko wengi wetu tunakoandikia.

Kila blogu ya Blogger ina mlisho, yaani faili linalosomwa na programu badala ya binadamu, ambalo ndani yake mna vichwa vya makala, tarehe na maandishi yenyewe. Anwani ya mlisho ni anwani ya blogu yako ikifuatiwa na /feeds/posts/default. Orodha yetu haichukui mlisho mzima, kwa sababu tulikubaliana kwamba picha za arusi na matangazo ya viwanja yabaki kwenye blogu za wenyewe. Inachukua makala zenye lebo, yaani neno la kuainishia makala, ya Historia peke yake.

Hatua ya kwanza: hakikisha kwamba blogu yako iko wazi kwa kila msomaji, kwa maana blogu ya faragha haiwezi kusomwa na orodha.

Hatua ya pili: katika mipangilio ya blogu, kwenye sehemu ya mlisho, ruhusu mlisho kamili au ule unaoishia pale ulipokata makala. Usiuzime.

Hatua ya tatu: iwekee lebo kila makala unayotaka ionekane. Hapa naomba msome taratibu, kwa sababu hapa ndipo nilipoharibu mimi mwenyewe. Blogger hutofautisha herufi kubwa na ndogo katika lebo, kwa hiyo Historia na historia kwake ni lebo mbili zisizojuana. Nilipotengeneza orodha hii mara ya kwanza, nilitumia herufi kubwa katika anwani zote bila kumwuliza mtu yeyote ameandikaje kwake. Wenzetu watatu walikuwa wametumia herufi ndogo, na kwa miezi kadhaa makala zao hazikuonekana hata moja. Ubaya ni kwamba lebo isiyokuwepo haileti ujumbe wa kosa: unapata mlisho halali kabisa, ila mtupu. Nami, badala ya kuichunguza anwani, nilimwandikia mmoja wao kumkumbusha wajibu wa kuandika, ilhali alikuwa amechapisha makala sita. Nilimwomba radhi, na hadi leo nikimwandikia naanza kwa salamu ndefu.

Kwa hiyo lebo yetu ni Historia: H kubwa, nyingine ndogo, bila nukta mwishoni. Angalieni pia koma, kwa kuwa Blogger huitumia kutenganisha lebo. Ukiandika «Historia, Pwani» umeweka lebo mbili, jambo ambalo halina ubaya mradi umelikusudia. Ikiwa makala za zamani zina lebo iliyokosewa, huna haja ya kuzifungua moja moja: katika orodha ya makala zako zichague zote kwa pamoja, uzipe lebo sahihi, kisha uiondoe ile ya zamani.

Hatua ya nne: fungua katika kivinjari anwani ya blogu yako ikifuatiwa na /feeds/posts/default/-/Historia. Huenda ukaona maandishi yaliyojaa alama za ajabu. Usishtuke, tafuta tu vichwa vya makala zako. Visipokuwemo, rudi hatua ya tatu.

Hatua ya tano: nitumie anwani hiyo, nami nitaiweka.

Maswali ya wanachama

*Mwanachama wa Tanga:* Blogu yangu haionekani. Tatizo ni nini?

*Jibu:* Hukuweka anwani, wala hukusema hatua ya nne ilikuonyesha nini.

*Mwanachama wa Tanga:* Sijasoma yote, ni marefu. Nieleze kwa ufupi.

*Jibu:* Hatua ya tatu na ya nne.

*Mwanachama wa Mombasa:* Kwa nini usiweke Historia na historia upande wako, badala ya kutusumbua sisi?

*Jibu:* Nililijaribu kabla hujaliwaza. Ukiziunganisha lebo mbili kwa mkwaju (alama ya /) katika anwani moja, Blogger huleta makala zenye lebo zote mbili kwa wakati mmoja, si zenye mojawapo. Ningelazimika kumwandikisha kila mtu mara mbili, na blogu moja ingejitokeza mara mbili katika orodha.

*Mwanachama wa Zanzibar:* Shikamoo mwalimu. Hilo la mkwaju limenivutia. Naandika historia na mapishi. Je, naweza kupata anwani ya makala zinazogusa yote mawili?

*Jibu:* Marahaba. Unaweza, na ni matumizi mazuri sana: malizia anwani kwa /-/Historia/Mapishi. Lebo yenye nafasi kati ya maneno, kama Historia ya Pwani, huandikwa Historia%20ya%20Pwani. Zaidi ya hapo, mlisho huleta makala 25 za karibuni usipouagiza vingine. Ukitaka 50, ongeza mwishoni ?max-results=50.

*Mwanachama wa Lamu:* Jana nilichapisha makala mbili, lakini moja tu inaonekana.

*Jibu:* Kifaa cha orodha ya blogu kinaonyesha makala ya mwisho tu ya kila blogu. Ukiwa na mbili, ziachanishe kwa siku moja au mbili.

*Mwanachama wa Dodoma:* Na sisi tunaoandikia WordPress badala ya Blogger?

*Jibu:* Bofya kategoria yako katika blogu, unakili anwani yake, uongeze feed/ mwishoni. Kwa kawaida mlisho huo huleta makala 10.

*Mwanachama wa Zanzibar:* Samahani kwa kurudi tena. Je, milisho hii naweza kuisoma kwenye simu bila kupitia ukurasa wetu?

*Jibu:* Karibu wakati wowote. Ndiyo, kwa programu yoyote ya kusomea milisho, na hapo utaona makala zote, si ya mwisho tu. Zamani wengi tulitumia Google Reader hadi ilipofungwa tarehe 1 Julai 2013. Kilichotuokoa ni kuihamisha orodha yetu ya milisho kama faili la OPML, yaani faili moja lenye anwani za milisho yote, ambalo programu nyingi za aina hiyo hulipokea. Nimeshaandaa faili hilo kwa ajili ya blogu zetu zote. Nitakutumia leo jioni.

*Mwanachama wa Tanga:* Nimesoma. Nilikuwa nimeandika HISTORIA.

*Jibu:* Nimeona. Umeingia.