Kuupiga picha Mlima Meru ukiwa ndani ya Ziwa Duluti

Riziki yangu ni picha za pasipoti hapa Tengeru, jirani na Arusha, ukuta mweupe na "usitabasamu" kutwa nzima. Ndiyo maana Jumapili nakimbilia Duluti. Ni ziwa dogo la kreta lililozungukwa na msitu, na asubuhi ikiamka safi Meru yote inajilaza majini. Mwaka mzima nilikuwa narudi na picha za matete tu, kwa hiyo sikiliza uepuke niliyopitia.

Uwe ukingoni kabla ya jua kuchomoza. Saa kumi na mbili isikukute bado unabishana bei na bodaboda. Alfajiri upepo umelala; ikifika saa tatu maji yameshakunjamana na mawingu yamekivaa kilele. Kaa upande wa kusini mashariki, jua likitokea nyuma ya bega lako la kulia na kuupiga mlima usoni. Miezi yangu ni Januari na Februari. Juni na Julai, mawingu ya baridi yanaweza kukurudisha mikono mitupu wiki nne mfululizo.

Sasa kimo cha kamera, ambacho ndicho kilinitesa. Siku moja babu mmoja alikuwa anavua kwa ndoano jirani yangu.

"Shikamoo babu."

"Marahaba. Sasa mjukuu wangu, mlima unaoutaka uko chini huko, mbona umesimama kama mlingoti?"

Nikachuchumaa kwa heshima tu. Kilele kikatokea majini.

Siri yenyewe ni kwamba maji hayanakili unachokiona wewe. Yanauonyesha mlima kama ungeonwa na jicho lililoko chini ya maji, kina sawa na kimo cha kamera yako juu yake. Nikisimama, jicho hilo liko zaidi ya mita moja na nusu chini, linatazama juu, na matete yaliyo hatua kumi na tano mbele yangu yanakikata kilele. Juu mlima naupata mzima, chini napata matete. Nikishusha kamera hadi shubiri moja kutoka kwenye maji, macho mawili yanakaribiana na kilele kinarudi. Tena ukitazama maji kwa kulala hivyo yanarudisha mwanga mwingi zaidi. Ukiyatazama kutoka juu, unaona tope la chini. Mwenye simu aipindue, lenzi iwe upande wa maji. Vaa nguo ambayo haikuumi ikichafuka.

Fokasi ipeleke kwenye mlima, siyo kwenye uso wa maji. Taswira iko mbali kama mlima wenyewe, hivyo ukilenga jani linaloelea hapo mbele, Meru ya majini inatoka na ukungu. Ukivitaka vyote viwili, funga lenzi hadi f/11, yaani tundu dogo la kupitisha mwanga, na uiweke kamera juu ya stendi, au juu ya mfuko wa maharage kama mimi.

Mlima wa majini huwa mweusi kidogo kuliko wa juu, kwa kuwa sehemu ya mwanga inazama. Usihangaike kuusawazisha palepale. Pima mwanga kwenye anga; kwenye simu, gusa anga, shikilia, kisha vuta alama ya jua chini kidogo. Palipo giza utapang'arisha nyumbani. Wingu lililoungua kwa mwanga kuzidi halirudi.

Filta ya polaraiza ivue. Kazi yake ni kuondoa mng'ao wa maji, nawe umeufuata mng'ao huohuo! Niliwahi kuisahau kwenye lenzi, nikapiga picha arobaini za mizizi iliyozama.

Wanaokataza kuweka mstari wa ukingo katikati ya picha, hapa waache waseme. Mimi nauweka katikati bila aibu.

Basi subiri. Duluti ina kenge, na kenge hana habari na wewe. Akijitosa usitukane wala usizime kamera. Duara za mawimbi zinatembea polepole. Zikigusa kilele, bonyeza. Picha niliyoitundika studio, juu ya kile kiti cha pasipoti, Meru ya chini imevunjika vipande vitatu, na wateja huniuliza kama kioo cha fremu kimepasuka.