Jinsi ya kucheza chesi maisha yako yote bila kuwa bingwa wa chochote

Ukipita jioni Kirumba, Igoma, Buzuruga au mitaa ya Makoroboi hukosi kuona watu wameinamia bao la drafti, wawili wanacheza na kumi wanafundisha, vizibo vinagongwa mpaka meza inalia. Chesi huioni. Ndo maana vijana wengi wa hapa Mwanza wanajifunzia kwenye simu, wanakesha nayo miezi kadhaa, kisha wanaacha kabisa na ukiwauliza wanakwambia imewachosha. Chesi haijawachosha bwana, kilichowachosha ni kucheza peke yao na watu wasiowaona huku wamekodolea ile namba ya retingi inayopima uwezo wa mchezaji. Haya ninayoandika ni ya mtu anayetaka kucheza mpaka awe babu au bibi, hana kocha, hatafuti kombe, anataka tu mchezo usimkimbie.

Bao kwanza. Bao la drafti la kijiweni lina miraba 64, nane kwa nane, ni hilohilo la chesi, kwa hiyo unachokosa ni kete 32 tu. Seti ya plastiki ukiipata mjini chukua, ukiikosa vizibo vya soda vinatosha, tafuta vya rangi mbili, kila upande 16, andika herufi kwa maka pen: M mfalme, K kwini, N ngome, B bishopu, F farasi, na askari wale wanane usiwaandike kitu. Utazoea haraka kuliko unavyodhani. Ukilaza bao hakikisha kona ya kulia kwako ni mraba mweupe, kwini mweupe akae kwenye mweupe, kwini mweusi kwenye mweusi, maana kuna watu wazima wanacheza mwaka mzima bao limekaa upande na hawajui.

Halafu mtu wa kucheza naye, na hapa ndo penye kazi yenyewe. Usianze kuhangaika na klabu sijui katiba sijui mwenyekiti, nenda kijiwe cha drafti kilicho karibu na kwako, kaa, cheza nao drafti yao wiki mbili tatu, fungwa, cheka, ndo siku moja utoe zile kete. Mchezaji wa drafti ni mwanafunzi mzuri kuliko yeyote, anajua kuhesabu mbele, anajua kutoa kete moja ili ale tatu. Tatizo lake ni moja, kule kula ni lazima, kwa hiyo mkono wake unakula kabla ya kichwa hakijaangalia, unamwekea askari wa bure anadaka fasta na kwini wake anaondoka. Mwambie mapema kwamba huku hulazimishwi kula. Na kwamba farasi anaruka, maana hilo litawatia ugomvi.

Usimfunge gemu kumi mfululizo siku ya kwanza, hatarudi. Mpunguzie: toa kwini wako kabla hamjaanza, akikushinda mara kadhaa rudisha kwini utoe ngome, baadaye utoe farasi, mwisho askari mmoja mpaka mfike sawa. Hii sio dharau. Paul Morphy, yule Mmarekani aliyewatetemesha wakali wa Ulaya mwaka 1858, alikuwa anawapa watu farasi au ngome nzima na bado anawapiga, na ndo ilivyokuwa kawaida enzi hizo ili gemu iwe na ladha kwa wote wawili. Kama mna saa basi punguza dakika zako, yeye 15 wewe 5. Watu wawili wenye uwezo tofauti wanaweza kucheza miaka 30 kwa mtindo huu na hakuna anayechoka.

Kama mwenzako ni mzee, salamu kwanza, shikamoo mzee, marahaba, habari za nyumbani, ndo mpange kete, na ukimfunga usipige kelele za drafti. Wazee wa kijiweni wanaweza chesi vizuri sana wakipewa muda. Kama unadhani umri unafunga mlango, gwiji wa chesi Viktor Korchnoi alizaliwa 1931 na akachukua ubingwa wa Uswisi mwaka 2011, ana miaka 80, wengine wote mezani ni wajukuu zake.

Sheria zinazoleta ugomvi malizaneni kabla. Ukigusa kete yako umecheza hiyohiyo, kama unataka tu kuiweka sawa sema "naweka sawa" kabla hujagusa. Mfalme haliwi, gemu inaisha akikosa pa kukimbilia na cheki iko juu yake, yaani anapigwa, na hakuna wa kuiziba wala wa kumla anayempiga. Akikosa pa kwenda na hana cheki, na hakuna kete nyingine anayoweza kusogeza, hiyo ni droo hata kama wewe una kwini wawili na yeye yuko uchi, na hapa ndo utasikia "aah we vipi, nimeshamshinda huyu!" Hapana, droo. Askari akifika mwisho anakuwa kwini hata kama kwini wako wa kwanza bado yupo, geuza ngome iliyoliwa kichwa chini, ndo kwini wa pili huyo. Ule mtindo wa mfalme kuruka miraba miwili kuelekea ngome na ngome ikampita ikakaa upande wa pili unaruhusiwa kama mfalme na hiyo ngome havijawahi kusogea, katikati hakuna kete, na mfalme hayuko kwenye cheki, wala hapiti wala hatui kwenye mraba unaopigwa. Na kule kula askari kwa pembeni: askari wa mwenzio akiruka hatua mbili akatua ubavuni mwa askari wako, unaweza kumla kana kwamba kasogea moja, ila ni hapohapo, zamu ikipita basi.

Wapiga domo wa pembeni? Mimi nasema waacheni waje, bila wao kijiwe hakipo, lakini wanyamaze mpaka gemu iishe, wakianza kunong'ona "farasi, farasi" funika bao. Dau msiweke. Aliyefungwa anunue soda, sawa, lakini pesa ikiingia watu wanaanza kuchagua wa kumla badala ya wa kucheza naye, na urafiki unaisha kabla ya chesi.

Sasa cha kujifunza. Wengi wanaanza na mianzo, wanakariri hatua 12 za YouTube halafu mpinzani anacheza kitu kingine hatua ya tatu na wao wameishiwa. Anza mwisho. Jifunze kumaliza kwa ngome mbili, moja inazuia mstari nyingine inapiga cheki mstari unaofuata, hivyohivyo mpaka ukutani. Kisha mfalme na kwini dhidi ya mfalme peke yake, hapo kuwa mwangalifu na ile droo. Kisha mfalme na ngome, hii inataka uvumilivu, mfalme wako lazima asaidie. Halafu mfalme na askari mmoja, ambapo siri ni mfalme wako kutangulia mbele ya askari, sio kumfuata nyuma, na askari akiwa wa pembeni kabisa, mstari wa a au h, mfalme wa mwenzio akiwahi ile kona ni droo tu. Bishopu mmoja peke yake au farasi mmoja peke yake hamalizi gemu, kwa hiyo usimchoshe mzee wa watu hatua arobaini.

Thamani za kete kariri mara moja: askari 1, farasi na bishopu 3, ngome 5, kwini 9. Ni za kukadiria tu, lakini zinakuzuia kutoa ngome ukachukua farasi ukajiona mjanja.

Mwanzo wa gemu ni mambo machache, shika katikati kwa askari, toa farasi na bishopu mapema, ficha mfalme, kwini asitoke kuzurura. Kama hutaki kusoma kabisa, ukicheza nyeupe panga hivi kila siku (mistari ya wima ni a mpaka h kuanzia kushoto kwa nyeupe, ya kulala ni 1 mpaka 8 kuanzia upande wake): askari d4, bishopu f4, askari e3, farasi f3, askari c3. Unaitwa mfumo wa London, wakali wanausema unaboa na hawakosei sana, ila unakufikisha katikati ya gemu ukiwa salama na ndo raha ilipo. Ukicheza nyeusi, akianza e4 jibu e5, akianza d4 jibu d5, inatosha kwa miaka mingi. Na jihadhari na ule mtego wa hatua nne ambao kila mtoto wa shule anaujua: e4, kwini h5, bishopu c4, halafu kwini anatua f7 na mfalme wako hana pa kwenda. Kwini akitokea h5, linda e5 kwa farasi c6, bishopu akifika c4 sogeza askari g6, kwini lazima akimbie, akienda f3 kukuwinda tena weka farasi f6. Baada ya hapo yeye ndo yuko nyuma, kacheza kwini mara mbili na kete zake nyingine zimelala.

Kitu cha kufanya kabla ya kila hatua, na hiki kitakupandisha kuliko video zote: angalia cheki zilizopo, angalia nini kinaweza kuliwa, pande zote mbili, kisha jiulize kete yako ipi haina mlinzi. Sekunde kumi tu. Gemu nyingi za sisi watu wa kawaida hazishindwi kwa mipango, zinashindwa kwa sababu mtu kaacha kete wazi.

Simu nayo sio adui, ila iwekee mipaka. Lichess ni bure kabisa, haina matangazo, ilianzishwa 2010 na Mfaransa Thibault Duplessis, na apu yake unaweza kucheza na kompyuta hata bila bando. Pale kila mtu anaanza na retingi ya 1500, kwa hiyo ukiporomoka hadi 1100 mwezi wa kwanza usilie, hujashuka popote, ilikuwa haijakujua tu. Bora zaidi ingia kwenye mipangilio uzime retingi zisionekane, inawezekana, cheza hivyo na utaona moyo unavyotulia. Gemu za dakika tatu ziache kwa siku za sherehe. Zinafurahisha ndiyo lakini hazikufundishi na usiku wa manane zinakuwa ulevi, unafungwa unataka kulipa kisasi unafungwa tena, kesho kazini macho mekundu. Chukua dakika 15 au zaidi, gemu moja au mbili, funga.

Kuna aina nyingine ya gemu onlaini ambayo watu hawaitumii na ndo inafaa sana kwa chesi ya maisha, ile ya siku kadhaa kwa kila hatua. Rafiki yako kahamia Geita, mwingine yuko Ukerewe, mwingine Bukoba, mnaanzisha gemu ya siku tatu kwa hatua, asubuhi unaangalia kacheza nini, unafikiria ukiwa kwenye daladala, unajibu jioni. Gemu moja inaweza kula miezi miwili na mnapata sababu ya kusalimiana. Ila msisaidiwe na kompyuta, hapo hamchezi tena nyie.

Safarini beba seti ndogo ya sumaku. Kivuko cha kwenda Nansio ni masaa, meli ya usiku kwenda Bukoba ndo kabisa, gemu tatu za taratibu na bado hamjafika, na kete za sumaku hazijali ziwa likichafuka. Zamani hata foleni ya kivuko Kigongo ilikuwa inamaliza gemu mbili, sasa daraja limefunguliwa 2025 mnavuka kwa dakika chache, maendeleo mazuri ila wacheza chesi tumepoteza kiwanja.

Ikifika miaka kumi hivi ukaona kila gemu inafanana na ya jana, jaribuni ile chesi ambayo Bobby Fischer, Mmarekani aliyewahi kuwa bingwa wa dunia, aliitangaza 1996, kete za mstari wa nyuma zinapangwa kwa kubahatisha, pande zote zinafanana, mipango 960 inawezekana. Aliyekariri na asiyekariri wanaanza pamoja. Watu wa drafti wanaipenda sana hii.

Na watoto. Usimkalishe mtoto wa miaka sita ukamwelezea aina zote sita za kete kwa mkupuo, atatafuta mpira. Mpe askari tu, wanane kwa wanane, atakayefikisha mmoja upande wa pili kwanza kashinda. Wiki inayofuata ongeza mfalme, kisha ngome, kisha bishopu, kisha farasi ambaye watoto wanamshika haraka kuliko watu wazima. Kwini muweke wa mwisho kabisa, maana mtoto akishamjua kwini hasogezi kete nyingine yoyote.