Kabla ya kuhamisha waraka kutoka programu moja ya kuandikia hadi nyingine

Waraka ukitoka Microsoft Word kwenda LibreOffice Writer au Google Docs, ni nadra maneno yenyewe kupotea. Kinachovurugika ni mpangilio: kurasa huongezeka, jedwali huvuka pambizo, picha hukimbilia aya isiyo yake. Sehemu kubwa ya vurugu hiyo huzuilika mapema, faili ikiwa bado kwenye programu ilikoandikiwa.

Kwanza toa nakala ya PDF, iwe ya kulinganishia baadaye. Faili asilia usiiguse. Fanyia kazi nakala yake.

Kisha washa alama zilizofichika, kwa Ctrl+Shift+8 kwenye Word au Ctrl+F10 kwenye Writer. Hapa usiharakishe. Kila nafasi itaonekana kama nukta, kila Tab kama mshale, na kila aya itaishia kwa ¶. Ukikuta ¶ zimerundikwa ili kuisukuma sura mpya hadi ukurasa unaofuata, zifute, ubonyeze Ctrl+Enter (mkato wa ukurasa) pale sura inapoanza. Bila hivyo, herufi zikipanuka kidogo tu, sura hiyo itaanzia katikati ya ukurasa. Msururu wa nukta uliosogeza tarehe kulia nao uondoe, upange mstari huo kulia. Vichwa vilivyokolezwa wino kwa mkono vipe mtindo wa kichwa (Heading), maana orodha ya yaliyomo hujengwa kwa mitindo. Wino mzito peke yake hauiambii programu kwamba hapo sura inaanza. Hata muda ukiwa mfinyu kiasi gani, kazi hii ndiyo nisingeiruka.

Fonti nazo zikague. Calibri ilikuwa fonti ya kawaida ya Word tangu toleo la 2007 hadi Aptos ilipoanza kuchukua nafasi yake 2023. Kompyuta isiyo na fonti ya waraka huweka nyingine, na upana wa herufi ukibadilika mistari hukatikia kwingine. Carlito ilichorwa kwa upana uleule wa Calibri, na Liberation Serif kwa upana wa Times New Roman, kwa hiyo kuzisakinisha kunaokoa kurasa nyingi.

Mabadiliko yanayofuatiliwa (Track Changes) yakubali au yakatae yote kabla ya kuhama. Picha zinazoelea zifunge ndani ya mstari wa maandishi. Hakikisha karatasi ni ya ukubwa mmoja kwenye programu zote mbili. A4 ina urefu wa milimita 297, Letter, karatasi ya Marekani, 279.

ODT, muundo wa faili wa Writer, ilipata kiwango cha kimataifa cha ISO mwaka 2006 na DOCX, ule wa Word, 2008, lakini kila programu ina namna yake ya kuzisoma. Kwa hiyo chagueni muundo mmoja na wenzako mnaohariri pamoja, mbaki nao. Faili inayogeuzwa huku na huku hupoteza kidogo kila safari.

Ukishafungua upande wa pili, sasisha orodha ya yaliyomo kwanza, ndipo ulinganishe na PDF ukurasa kwa ukurasa, ukikazia macho majedwali na tanbihi.