Uso si sufuria: makosa ya ngozi tunayoyafanya tukishapita arobaini

Siku ya kumtia hina bibi harusi, tumekaa mkekani Kuze, Mji wa Kale hapa Mombasa, milango wazi kwa joto, binti ya kakangu akanishika kidevu akanigeuza kwenye mwanga wa dirisha. Akaniangalia weee. "Shangazi, mbona uso na shingo ni watu wawili?" Wenzangu wakaangua kicheko, nami nikacheka, ningefanyaje, ila kesho yake asubuhi nikachukua kioo nikatoka nacho barazani (si kile cha bafuni chenye taa ya njano, hicho muongo) na wallahi mtoto hakusema uongo. Uso mweupe wa kujilazimisha, mabaka mawili ya kahawia mashavuni kama ramani, na shingo rangi yangu niliyozaliwa nayo, imekunjana kama leso haijapigwa pasi. Nilikuwa na miaka 46.

Basi haya ni yale niliyoyafanya mimi mwenyewe na ninayoyaona kwa mashoga zangu, pamoja na vile daktari wa ngozi alivyonirekebisha.

Kwanza shika hili moja maana mengine yote yanatoka hapo. Hedhi hukoma kwa wengi wetu kati ya miaka 45 na 55, lakini mwili unaanza kubadilika miaka kadhaa kabla, estrojeni (homoni ya kike) inapanda inashuka mwishowe inashuka kabisa, na hiyo estrojeni ndiyo iliyokuwa inaisaidia ngozi kushika maji, kutoa mafuta na kutengeneza kolajeni, ile protini inayoishikilia ngozi isilegee. Ile miaka 5 ya kwanza baada ya hedhi kukoma ngozi inaweza kupoteza karibu asilimia 30 ya kolajeni. Thelathini mwenzangu! Inakuwa nyembamba, kavu, inawasha bila sababu, kidonda kidogo kinakawia kupona, na wakati huo huo eti chunusi nazo zinarudi kidevuni kama una miaka 15. Sasa sisi tukiona hivyo tunafanya nini? Tunasugua. Tunaona uso umefifia tunadhani ni uchafu, tunashika dodoki na sabuni kali, tunaukwangua kama sufuria ya wali ulioungua.

Acha dodoki kwa uso. Mwilini sawa, miguuni hata jiwe shika, lakini uso tumia viganja tu. Asubuhi kama hukulala na mekapu wala mafuta mazito huhitaji sabuni, maji yanatosha. Usiku tumia sabuni ya uso ya maji, isiyo na marashi wala povu la kufulia, ukimaliza ukihisi ngozi inavuta mpaka kucheka unaona tabu, ujue sabuni hiyo si yako hata kama iligharimu elfu mbili.

Na sisi wa Mombasa tuna mtihani wetu wa maji. Mfereji leo upo kesho haupo, wengi tunaoga maji ya kisima ya chumvi, sabuni yenyewe haitoki povu ukaongeza sabuni na zaidi, halafu inabaki ule utando unaonata ambao ukikauka ngozi inakuwa na jivujivu. Mimi nnavyofanya: mwili naoga hayo hayo ya kisima, lakini kwenye mtungi wa maji tamu wa mkokoteni natenga kopo moja, la uso peke yake, la kumalizia. Kopo moja tu. Nilikuwa naona ni israfu mpaka nilipojaribu wiki mbili, ule muwasho wa kwenye taya ukaondoka bila kununua chochote.

Ukishajikausha kwa kupanguza kidogo kidogo, usiende kwanza kupika chai ndo urudi kujipaka. Pakaa ngozi ikiwa bado na unyevu, ndani ya dakika tatu hivi. Hapa ndipo tunapokosea na mafuta ya nazi. Mafuta hayaongezi maji kwenye ngozi, yanayafungia yaliyopo, ukiyapaka kwenye ngozi kavu umefungia ukavu. Kwanza kitu cha kuvuta maji, mfano gliserini iliyopunguzwa kwa maji ya mawaridi kama walivyokuwa wakifanya mabibi zetu (ikiwa tupu inanata na inakera), ama losheni isiyo na harufu yenye keramaidi (mafuta kama yale ya ngozi yenyewe) kama mfuko unaruhusu, halafu ndo mafuta juu. Na hayo ya nazi weka mwilini, usoni kwa watu wengi yanaziba vitundu yanaleta vipele. Singo na liwa mie sizipigi vita hata kidogo, nazipenda kufa, lakini singo ya chengachenga ibaki mwilini mara moja kwa wiki, na liwa ya uso isagwe laini, uioshe kabla haijakauka ikapasuka kama udongo wa kiangazi.

Sasa jua. Hapa nitakaa kidogo maana hapa ndipo tunapodanganyana sana. "Mie mweusi, mie haniunguzi." Mombasa iko digrii 4 tu kusini mwa ikweta, jua linatushukia utosini mwaka mzima, na hata kusi ikivuma mawingu yametanda miale bado inapita. Weusi wetu unatusaidia kweli kwa kuungua na hata mikunjo inachelewa, lakini kwa mabaka hautusaidii, tena sisi ndo mabaka yanatupenda zaidi. Yale ya mashavuni na juu ya mdomo yanayoitwa melasma yanaletwa na homoni zikichanganyika na jua, kwa hivyo utanunua serumu ya elfu tano ya kuyafuta halafu usimame foleni ya feri Likoni saa sita mchana bila kinga, umetupa pesa baharini hapo hapo.

Chukua sanskrini, krimu ya kukinga jua, ya SPF (kipimo cha kinga) 30 kwenda juu. Hiyo 30 ikipakwa sawasawa inazuia kama asilimia 97 ya miale ya UVB, ile ya jua inayounguza, lakini sawasawa ndo shida, sisi tunapaka kama wanja. Kipimo ni vidole viwili: ikamue mstari mrefu kwenye kidole cha shahada na mwingine kwenye cha kati, yote hiyo ni ya uso na shingo. Usisahau masikio na mgongo wa mikono, mikono ndiyo inayotoa siri ya umri. Ukiwa nje ongeza kila masaa mawili. Kama kichupa chako cha mililita 50 kina miezi sita na bado kipo, hupaki, unakitazama. Kwa wenye mabaka tafuta ile yenye rangi ya kahawia ndani, rangi hiyo inatokana na oksidi ya chuma na inazuia hata mwanga wa kawaida tunaouona, ambao nao unachochea mabaka kwa ngozi zetu, na tena haikuachi kama umepigwa unga wa ngano. Wanaovaa ninja msijione mmeokoka, macho na mikono viko nje, na kitambaa chepesi kinapitisha.

Haya, tuje kwenye aibu yangu. Ule weupe wangu ulitoka kwenye kikopo. Duka moja mjini, silitaji, muuzaji alikichota kwa kijiko kutoka ndoo kubwa, akanipimia, hakina jina wala karatasi, shilingi 500, akaniambia "hii ya kung'arisha tu mama, si ya kujichubua." Wiki ya pili uso unang'aa kama birika jipya, kila mtu aniuliza siri. Mwezi wa nne nikiikosa siku mbili tu uso unawaka moto, vipele, mishipa myekundu puani. Daktari alipouona tu alijua: inaelekea ni krimu ya steroidi, zile klobetasoli na betamethasoni, dawa halali kabisa za magonjwa ya ngozi lakini zikipakwa usoni miezi na miezi zinaikondesha ngozi, na hii yetu ya umri huu tayari inakonda yenyewe. Ikiwa umeitumia muda mrefu usiikate ghafla ukiwa peke yako, nenda ukaone daktari akupunguzie taratibu.

Mikorogo mingine ina haidrokwinoni (dawa ya kufifisha rangi ya ngozi) ama zebaki, na vipodozi vya hivyo vimepigwa marufuku hapa Kenya ingawa sote tunajua vinauzwa. Haidrokwinoni kwa usimamizi wa daktari na kwa muda mfupi ina kazi yake, ukijipa mwenyewe miaka inaweza kukugeuzia mashavu rangi ya bluu iliyochanganyika na kijivu, na hiyo kuitoa ni shughuli pevu. Zebaki inaingia mpaka kwenye figo, na si zako tu, ya kwenye taulo na mikono yako inawafikia watoto wa nyumbani. Ishara moja nimeishika kichwani: krimu ikikuonya usiiguse na dhahabu au fedha, irudishe, maana zebaki ndiyo inayogombana na madini hayo. Nasi tulivyo na bangili zetu!

Ndimu nayo iacheni jikoni. Maji ya ndimu ni makali kuliko ngozi inavyostahimili, na yakipigwa na jua yanaunguza yanaacha madoa meusi ya wiki ama miezi. Ukikamua ndimu za samaki pia nawa mikono kabla hujatoka uani.

Kitu kingine ambacho sikukijua mpaka kimpate shoga yangu. Piko, ile hina nyeusi ya harusi. Hina ya kweli ni ya rangi ya chungwa kwenda kahawia na inataka masaa, ile inayokoza nyeusi tititi kwa nusu saa ni rangi ya nywele, ina kemikali inaitwa PPD. Tumepakwa piko kila harusi tangu usichana, wengine mikono ikawasha kidogo tukanyamaza, kumbe mwili ulishaiweka kwenye daftari. Sasa umefika hamsini, mvi zimetoka, unanunua rangi ya nywele, na ndani mna PPD ile ile. Huyu mwenzangu alipaka usiku, alfajiri macho yamefumba kwa uvimbe mpaka wanawe wakamkimbiza hospitali. Kwa hivyo kama piko ilishawahi kukutoa malengelenge, rangi nyeusi za nywele achana nazo kabisa, usijaribu hata tone, muulize daktari. Wengine fuateni maelezo ya pakiti ya kujaribu, tone nyuma ya sikio halafu ungoje siku mbili. Usiamini neno "ya asili" kwenye pakiti.

Ukitaka kununua vitu nunua kwa mpango, usichukue seti nzima kwa sababu binti wa TikTok kachukua. Sabuni laini, kilainishi, sanskrini, kaa nazo mwezi mzima. Ngozi ikitulia ongeza retinoli (krimu ya jamii ya vitamini A), hii ni kati ya chache zenye ushahidi kwa mikunjo. Kiasi cha punje moja ya mbaazi kwa uso mzima, usiku, mara mbili kwa wiki, juu ya kilainishi kama unawashwa. Ukiipaka kila siku tangu mwanzo utabambuka. Na kama bado unaweza kushika mimba usiitumie bila ushauri, wala usijihesabu umemaliza mpaka utimize miezi 12 mfululizo bila hedhi, wengi wameshangazwa hapo katikati.

Ndevu za kidevuni: ni homoni, usione haya. Nyoa, nyuzi, kibanio, chochote, na si kweli kwamba ukinyoa zinarudi nene. Kuzivutavuta kwa kucha ndo kunaleta madoa. Zikija nyingi ghafla na sauti kuwa nzito, hiyo ni ya daktari. Wanja wa unga usio na lebo baadhi yake una madini ya risasi, ambayo ni sumu, nunua unaojua ulikotoka. Faundesheni chagua kwenye mwanga wa mlangoni, ukiilinganisha na shingo (mimi tena!), na poda punguza, inaingia kwenye mikunjo inakaa. Na usifunge mtandio kwa nguvu juu ya nywele mbichi kila siku, nywele za mbele zikirudi nyuma kwa kuvutwa miaka na miaka huenda zisirudi tena.

La mwisho halihusu urembo lakini nalitia humu humu kwa sababu tunakaa na kioo kwa uso na hatuangalii kwengine. Kwa watu weusi saratani ya ngozi ni nadra, ila ile mbaya inayoitwa melanoma ikitupata hupenda nyayo, viganja na chini ya kucha. Usiku ukipaka mafuta miguu washa taa, uugeuze unyayo, utazame katikati ya vidole. Doa jipya jeusi linalokua, linalobadilisha umbo, ama mstari mweusi kwenye kucha ya dole gumba moja tu unaopanuka, usilipake liwa. Lipeleke kliniki.