Shingo ya mtoto imekaza upande mmoja? Jiandae hivi kabla ya kwenda kwa fizio

Kama kichwa cha mtoto kinalalia upande mmoja kila siku na kidevu kinaangalia upande wa pili, msikae kusubiri eti shingo itakomaa yenyewe. Mazoezi ya fizio, yaani mtaalamu wa mazoezi ya viungo, yakianza kabla ya miezi 3 kazi inakuwa nyepesi na wengi wao wananyooka bila kisu.

Ila kabla hujatoka nyumbani piga picha, hili mi naona ndo kubwa kuliko yote, maana mtoto akifika kliniki ama kalala fofofo ama analia mpaka basi na hakuna kinachoonekana. Mlaze chali, mwache atulie mwenyewe bila kumshika, simu iwe juu yake wima ndo upige. Halafu chukua video fupi unapitisha kichezeo cha mlio kutoka upande mmoja kwenda wa pili, utaona kuna mahali macho yanaendelea kufuata lakini kichwa kimegoma, hapo ndo fizio anapopataka. Kisogo nacho kipige picha kwa juu, ule upande anaoulalia sana huwa unakuwa bapa.

Andika alizaliwaje: alitanguliza makalio? alivutwa kwa vyombo? Ziwa lipi analikataa? Na kama umegusa kivimbe kigumu shingoni sema, kinajitokeza wiki za mwanzo na mara nyingi kinaisha chenyewe, usikikande jamani. Uliza pia kuhusu nyonga, hawa watoto wakati mwingine wanakuwa na shida ya nyonga, ultrasaundi inaonyesha.

Usianze kumvuta shingo kwa kuangalia video za mtandaoni. Wala usimwekee mito usiku ili anyooke, kulala ni chali tu, tumbo ni mchana akiwa macho na wewe upo.

Lakini kama shingo imepinda ghafla, au kuna homa, kutapika, kalegea au kaanguka, hiyo si ya kusubiri miadi, ni hospitali leo leo.

Siku yenyewe usimnyonyeshe akashiba dakika ya mwisho, atacheua akianza kunyooshwa. Na mwende na yule anayeshinda na mtoto, hata kama ni bibi au dada wa kazi, kwa sababu mazoezi yanafanyika nyumbani mara kadhaa kwa siku, kila mnapombadilisha nepi, na yeye ndo anatakiwa aoneshwe mkono unashika wapi.